Ndege Zimejaa

Nilimwambia shangazi yangu kwamba ndege zimejaa.

Ilikuwa usiku wa Jumapili, tarehe 21 Februari 2021. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, Al Khuwair, mjini Muscat, simu nimeilaza juu ya mto na sauti nimeifungulia, na mikono yangu, kwa kukosa kazi, ilikuwa ikifunga na kufungua zipu ya begi. Yeye alikuwa Kikwajuni, Unguja, saa moja nyuma yangu, kalala ubavu, na kila neno lake ilibidi kwanza lipishane na kikohozi ndipo lipate kutoka. "Zimejaa?" akauliza. "Zimejaa, shangazi. Mpaka mwezi ujao." Akanyamaza. Nikaisikia feni yake, ile ya mezani inayogonga kila ikigeuka. Kisha akasema, "Haya, baba. Mungu akijaalia." Tukaagana kwa dua kama ilivyo ada yetu, na mimi nikabaki naitazama zipu.

Ndege hazikuwa zimejaa. Tikiti ya Jumanne nilikuwa nayo, nimeshailipia, imo ndani ya begi lile lile pamoja na bakuli la halua, udi, dawa zake za presha za miezi mitatu, na kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, ambacho siku zile watu walikinunua kwa pupa kama mishumaa wakati wa mgao wa umeme. Nimeshasema uongo mkubwa kuliko huo maishani mwangu na nikalala usingizi. Huu wa maneno mawili bado unanirudia, hasa nikiwa uwanja wa ndege, ninapoona viti vitupu.

Niliseme mapema, ili nisije nikaonekana najua nisilolijua: sina hakika kama nilikosea kutokwenda. Huenda nilifanya sawasawa kabisa. Ninachokizungukia hapa ni kitu kingine, na hata hicho sijui kama nitakifikia.

Shangazi ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, mama yangu alipofariki. Sitayaeleza yote, wanaolelewa na shangazi wanajua, na wasiojua hawatajua kwa kusimuliwa. Itoshe kusema kwamba nilipopata kazi ya uhasibu Oman, mkufu wake mmoja ulitoka shingoni ukarudi kwangu kwa sura ya nauli, na kwamba kila mwaka tangu hapo nilikuwa nikienda Unguja mara moja, wiki mbili, nakaa barazani kwake nikiulizwa kwa nini nimekonda hata nikiwa nimenenepa.

Mwaka 2020 haukuniuliza chochote. Oman ilifunga viwanja vyake vya ndege mwishoni mwa Machi, haikuvifungua kwa safari za kawaida hadi tarehe 1 Oktoba. Matrah, sokoni kwetu, kulizungushiwa vizuizi, kisha mkoa mzima wa Muscat ukafungwa. Misikiti ilikaa bila jamaa hadi katikati ya Novemba. Ilikuwa dhiki, ndiyo, lakini dhiki isiyokuwa na uamuzi ndani yake. Mtu akikuuliza mbona huendi kwenu, unamwonyesha mbingu: ndege iko wapi? Sasa ninapoutazama mwaka ule naona ulinifundisha tabia mbaya kimyakimya. Nilizoea kuamuliwa. Nilizoea kulala nikijua kwamba kesho kuna kamati imekaa mahali fulani, na itatoa tangazo, na tangazo hilo litaniambia mimi ni mtu wa kukaa au wa kutoka. Nilipofunguliwa mlango nilikuwa nimeshasahau jinsi ya kusimama nikaenda.

Halafu ikaja ile Februari.

Huku nilipokuwa, kila kitu kilikuwa na namba. Waziri wa Afya wa Oman alisema kwamba asilimia 18 ya abiria waliofika kutoka Tanzania walipimwa wakakutwa na virusi, karibu mmoja katika kila watano. Kuanzia tarehe 15, kila aingiaye nchini alitakiwa kukaa karantini hotelini siku saba, kwa fedha zake, kisha siku ya nane apimwe tena. Nyumbani hakukuwa na namba. Takwimu za nchi zilikuwa zimesimama tangu mwanzoni mwa Mei 2020, kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikabaki hapo kama saa ya ukutani iliyoisha betri, watu wanapita chini yake wakienda na shughuli zao. Watalii walikuwa wamejaa Nungwi na Paje. Watu wanapiga nyungu, wanakunywa tangawizi na malimau. Ugonjwa wenyewe haukuwa ukiitwa jina lake. Kulikuwa na "kifua", kulikuwa na "nimonia", na kulikuwa na lile neno la kiofisi, "changamoto ya upumuaji", ambalo nililisikia likitamkwa msibani kwa njia ya simu na nikashangaa jinsi lugha yetu ilivyo na upole, inaweza kumfunika mtu shuka hata kabla hajafa.

Binti wa shangazi aliponipigia kusema mama "ana kifua kidogo", nilimwuliza kifua gani. "Kifua tu, kaka," akasema. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, nikiwa katika nchi ya namba, nilikuwa nimeshaanza kusema naye kwa lugha ile ile: vipi kifua, kifua kimepungua, amelala vizuri na kifua chake.

Tarehe 17 Februari alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, katika Hospitali ya Muhimbili. Wiki chache nyuma chama chake kilikuwa kimetangaza wazi kwamba ameambukizwa korona. Jioni ile kila nyumba ya Waswahili niliyoijua Muscat ilikuwa imeinamia simu, wafuasi wake na wasio wafuasi, na kesho yake tukatazama picha za maziko ya Mtambwe, Pemba. Mimi niliona umati, nikaanza kutafuta barakoa katika umati, nikazihesabu. Nilikuwa nimefika mahali pabaya: natazama jeneza, nahesabu pua.

Basi nikaanza kuuliza watu.

Nilimwuliza mwenzangu wa ofisini, mtu wa Kerala, ambaye alimzika baba yake kwa kutazama kioo cha simu, akasema nenda. Nilimwuliza bosi wangu, akasema ruhusa ni yangu, ila nikikwama huko hawezi kunishikia kiti. Nilimwuliza daktari wa zahanati ya mtaani, akauliza umri wa mgonjwa, akatikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo na ingeweza kuwa siyo. Nilimwuliza rafiki yangu wa Dar es Salaam, akanicheka: "Huku watu tunaishi, nyie ndio mnaokufa." Nilimwuliza hata mwenye duka la halua, wakati anafunga bakuli, naye akanipa jibu la mfanyabiashara, kwamba halua haigandi wala haichachi, naweza kuchukua leo nikasafiri hata mwezi ujao.

Na nilikwenda Seeb kwa mzee mmoja, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, ambaye alitoka kwa meli mwaka 1964 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu na Kiswahili chake hakijaota kutu mpaka leo. Tukakaa uani, mikeka miwili, barakoa yake chini ya pua. Nikamweleza. Hakunijibu; alinisimulia. Akanisimulia jinsi Sayyidna Umar alivyokuwa njiani kwenda Shamu, akafika mahali paitwapo Sargh, akapokea habari kwamba tauni imeingia huko aendako. Jinsi alivyowaita Muhajirina akawataka shauri wakahitilafiana, akawaita Ansari wakahitilafiana nao, akawaita wazee wa Kikureishi wakamwambia rudi. Jinsi Abu Ubayda alivyomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, na Umar akamjibu kwamba anaitoka kadari moja kuiendea nyingine. Kisha akatokea Abdulrahman bin Auf, ambaye hakuwapo, akasema analo neno la Mtume juu ya jambo hili: ikisikika iko mahali, msiingie, ikiwakuta mahali, msitoke kuikimbia.

Nilitoka pale nimeibeba hadithi ile kama hati yenye muhuri. Kila aliyeniuliza safari imefikia wapi nilimsomea muhuri. Haikunipitia akilini, mpaka baadaye sana, kwamba katika kisa hicho hicho Abu Ubayda alirudi kwa watu wake Shamu akakaa nao, na tauni ile ikamchukua. Kwamba marafiki wawili waliokutana Sargh walikwenda njia mbili tofauti na hakuna kati yao anayesimuliwa kama mwoga wala kama mjinga. Wala haikunipitia kwamba Umar aliuliza makundi matatu kwa sababu alikuwa anataka kuamua. Mimi niliuliza watu kumi na zaidi kwa sababu nilikuwa sitaki.

Nilipokuwa navaa viatu, mzee akaniambia, kana kwamba ni jambo jingine kabisa, kwamba mama yake alifia Unguja mwaka 1970 na yeye hakuweza kwenda. "Mimi niliamuliwa," alisema. "Sijui kama ndiyo afadhali."

Hapa inanibidi niseme lile ambalo sikumwambia mtu yeyote wakati ule. Kwa watu nilikuwa nasema naogopa kumpelekea ugonjwa mtu mzima, mwenye presha, mwenye kifua. Maneno mazuri, na ya kweli kabisa. Madaktari wa dunia nzima walikuwa wakiyasema. Lakini usiku, taa nimezima, nilikuwa nikipekua simu kutafuta ni hospitali gani Unguja yenye mitungi ya oksijeni, na nilikuwa siitafutii shangazi. Nilikuwa naitafutia mwili wangu, wenye miaka 41, usio na presha wala sukari. Nilijiona nimelazwa mahali pasipo na namba, watu wanasema nina kifua. Nilimwona bosi ananitafutia mbadala. Nilihesabu gharama ya hoteli ya siku saba, nikaijumlisha na tikiti na vipimo, mimi mhasibu, nikaipigia mstari chini. Woga wangu ulikuwa umevaa nguo za huruma, na nguo zile zilimkaa vizuri hata mimi mwenyewe nikawa namsalimu kwa heshima nikimdhania mwingine.

Naandika hivi na papo hapo najishuku. Kuna watu hupenda kujilaumu kwa sababu lawama nayo ni njia ya kujikweza: tazameni jinsi ninavyojua ubaya wangu. Pengine huruma ilikuwapo kweli, na woga ulikuwapo kweli, wamekaa pamoja kama wapangaji wa nyumba moja wanaotumia choo kimoja, na hakuna haja ya kuuliza nani mwenye nyumba. Sijui. Ninachojua ni kwamba usiku ule wa Jumapili, aliponiuliza "unakuja lini?", sikumpa huruma wala sikumpa woga. Nilimpa ratiba ya ndege.

Haikupita hata wiki likatoka tangazo. Kuanzia tarehe 25 Februari, wasafiri kutoka nchi 10, Tanzania ikiwamo, hawataruhusiwa kuingia Oman kwa siku 15. Raia wa Oman walisamehewa; mimi si raia, nina kibali cha ukaazi tu. Ningeondoka Jumanne, ningekwama. Na siku 15 za matangazo, tulikuwa tumeshajifunza, hazikuwa na kawaida ya kuwa 15.

Kila mtu alinipongeza. "Una bahati wewe." "Mungu kakuokoa." Bosi alinipiga bega, jambo ambalo siku hizo lilikuwa marufuku. Na mimi moyoni nilipata raha, raha yenyewe hasa, ile ya mtoto anayesikia mvua kubwa alfajiri akajua leo hakuna shule. Raha hiyo ndiyo ninayoionea haya kuliko uongo. Shangazi yangu amelala, sijui ataamka au hataamka, na mimi nimefurahi kwa kuwa mlango umefungwa na mtu mwingine, na ufunguo hauko mfukoni mwangu tena. Nilimpigia siku ile ile. "Umeona, shangazi? Wamefunga." Nilisema kwa sauti ya kusikitika. Nadhani niliiigiza vizuri.

Alipona. Pole pole, kwa wiki nyingi, si kwa sababu yangu wala kwa sababu ya kutokuwapo kwangu. Binti yake alimwuguza, majirani walimletea uji, na muuguzi mmoja wa mtaani alikuwa anapita jioni. Dawa za presha nilimtumia baadaye kwa mkono wa mtu. Begi lilibaki koridoni limesimama na vyake vingine ndani, na kila nikipita nalipisha kama mgeni. Ramadhani ilipoingia katikati ya Aprili nililifungua, nikatoa bakuli la halua, nikaila kwa kijiko siku moja baada ya futari, nimesimama, bila kahawa. Mwenye duka alikuwa mkweli, haikuwa imechacha. Kile kipimo cha oksijeni nacho nikakitoa, nikawa nakibana kidoleni mwangu kila usiku kabla ya kulala. Tisini na saba. Tisini na nane. Nilikuwa mzima wa kutosha, Alhamdulillahi, na kila nilipoziona namba zile nilikuwa najua zilinunuliwa kwa kidole cha nani.

Tarehe 28 Julai Rais Samia alichanjwa hadharani, televisheni zikaonyesha, na shangazi, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiisemea chanjo maneno ambayo sitayaandika, akaniambia kwenye simu kwamba mwanamke mwenzake wa Kizimkazi akinyosha mkono, yeye ni nani wa kukunja wake. Tulikuwa tunacheka juu ya hilo. Katikati ya kicheko, kwa sauti ile ile, akasema:

"Unamjua mtoto wa nyumba ya pili, yule anayefanya kazi Sohar? Alikuja na ndege ya Jumanne ile. Anasema alijinyoosha viti vitatu, kalala mpaka Unguja."

Sikuwa na la kusema. Nilisikia feni. Nilitaka anigombeze, ili deni liwe na kiasi kinachojulikana, nilipe, yaishe. Hakunigombeza.

"Ungeniambia tu unaogopa," akasema. "Mimi nilikuwa naogopa kuliko wewe."

"Uliogopa kufa, shangazi?"

"Nani kasema kufa? Nilikuwa naogopa usije ukaja. Hicho kifua nilikuwa nakijua ni kifua gani. Kila ukipiga simu nasema leo ataniuliza, nije nisije, nimwambie usije, nimkataze kabisa, hata kwa kiapo. Hukuniuliza. Ukaniambia ndege zimejaa."

Nimejaribu mara kadhaa kumweleza mke wangu kwa nini maneno yale yalinikalisha chini, na kila nikijaribu yanatoka yakiwa madogo. Nilikuwa nimeuliza Kerala, Seeb, Dar es Salaam na duka la halua. Nilikuwa nimemwuliza mpaka Sayyidna Umar. Katika mashauri yote yale shangazi alikuwa ndiye jambo linalojadiliwa, mzee mwenye presha, namba katika hesabu, sababu ya kwenda na sababu ya kutokwenda, na haikunijia hata mara moja kwamba alikuwa na neno. Na neno lake lilikuwa ndilo lile lile nililokuwa nalitafuta kwa watu kwa kulipia nauli ya teksi. Alikuwa amelishika mkononi, ameniwekea, kama alivyokuwa akiniwekea minofu ya samaki chini ya kawa. Kunikataza kulikuwa ni kitu cha mwisho alichokuwa nacho cha kunipa kutoka kitandani pale, na mimi nikamnyima nafasi ya kunipa.

Au ndivyo ninavyojiambia. Kuna siku nawaza kwamba pengine aliyasema yale miezi mitano baadaye ili anipunguzie. Kwamba usiku ule alitaka nije, na kwa kuwa sikuja, aliyapindua maneno ili nisibebe. Angeweza kabisa. Hajawahi kuniacha nibebe kitu kizito peke yangu. Sijamwuliza, na nadhani nikimwuliza atanijibu lile la kunifaa.

Desemba mwaka ule, sindano mbili begani, nikataka kwenda. Na kama kwa makusudi, mwishoni mwa Novemba ikawa imetangazwa aina mpya ya kirusi kutoka Afrika Kusini, omicron, na nchi, Oman ikiwamo, zikaanza tena kufunga milango kwa nchi za kusini mwa Afrika. Tanzania haikuwamo. Bado. Nikarudi ukingoni mwa kitanda, begi lile lile, zipu ile ile. Nikapiga simu.

"Shangazi, nataka kuja, na naogopa. Naogopa kukuletea na naogopa kukwama. Unasemaje?"

Akanyamaza muda mrefu. "Nipe mpaka kesho," akasema.

Sikuwa nimetegemea hilo. Nilidhani kumwuliza ni adabu tu, ni kubisha hodi kwenye mlango ambao nimeshaushika kitasa. Kumbe ukimwuliza mtu kweli, inakubidi ungoje. Ilikuwa kati ya siku ndefu kabisa nilizowahi kukaa nazo, na nilijua kwamba akisema usije, sitakwenda, na sitakuwa na wa kumlaumu wala wa kumshukuru ila yeye na mimi.

Kesho yake alikuwa amekata shauri kama hakimu. "Njoo. Lakini utakaa chumba cha uani siku tano. Chakula utawekewa mlangoni. Kama watu wa meli za Bombay walivyokaa Changuu."

Changuu, kile kisiwa unachokiona ukisimama Forodhani, tulipelekwa tukiwa watoto kutazama makobe. Tuliambiwa ni gereza, na kweli gereza lilijengwa, miaka ya 1890, lakini halikupata kutiwa wafungwa. Likageuzwa mahali pa kuwaweka abiria wa melini mpaka ijulikane kama wamebeba homa. Nilikuwa nimekipita kisiwa kile mara nyingi mno maishani bila kuwafikiria watu wale hata kidogo. Wanauona mji. Wanaona moshi wa majiko ya watu wengine. Sijui kama kuna aliyewauliza.

Nikaenda, na cheti cha kipimo mkononi. Uwanja wa ndege nikachukua teksi, na dereva, kijana mchangamfu asiyekuwa na barakoa, akanifungulia mlango wa mbele, akanipa mkono, nami nikaupokea. Tulipofika Mnazi Mmoja ndipo ilipochomoza fikra, kama mwiba: huyu je? Huyu ana mama nyumbani, ana watoto. Nimemwuliza shangazi, nikajiona nimekuwa mtu mwema, na huyu nimemkalia bega kwa bega bila kumwuliza chochote. Na yule aliyeketi kiti cha pembeni ndani ya ndege, na yule aliyenigongea muhuri. Ukianza kuuliza, unaishia wapi? Sikupata jibu mpaka Kikwajuni. Nilimpa nauli na ziada, ziada isiyokuwa na maana yoyote, akanishukuru.

Siku ya tatu ya kifungo changu, baada ya magharibi, shangazi alitoa kiti chake nje akakiweka upande wa pili wa ua, chini ya kamba ya nguo, kanga kaifunika puani. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini. Ikabidi tusemezane kwa kelele, kwa maana masikio yake si ya zamani, na majirani wakawa wanasikia kila kitu.

"Bibi yako," akaniambia, "mwaka wa kipindupindu, sabini na nane, alikuwa shamba, na kijiji kimewekewa watu, hatoki mtu haingii mtu. Nikaenda kwa miguu kutoka kituo cha gari mpaka kwenye mwembe, hapo wanaponizuia. Yeye akaja upande wake. Tukaongea hivi hivi, kwa kelele, kijiji kizima kinatusikiliza."

"Mliongea nini?"

"Nilimwambia naogopa. Akasema na yeye. Akaniuliza kama mchele umepatikana mjini. Basi. Nikarudi."

Bibi nilimjua. Alifariki mwaka 1991, kwa uzee, kitandani mwake, nami nilikuwapo. Nikasema hivyo, kwamba basi mambo yaliishia vizuri.

"Yaliishia vizuri," akasema. "Lakini pale mwembeni mimi sikujua."

Tukakaa. Popo walikuwa wanatoka. Kutoka nyumba ya pili mtu alikuwa amepunguza redio, nadhani ili atusikie vizuri zaidi.

"Halua yangu iko wapi?" akauliza.

"Ipo begini, lakini nayo iko karantini pamoja nami."

"Siyo hiyo. Ile ya Februari."

Nikatazama chini. "Niliila, shangazi."

"Yote?"

"Yote. Kwa kijiko."

Kwanza hakusema kitu. Kisha kanga ikaanza kutikisika, akacheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na mimi pale kizingitini nikajikuta nimesimama, nahesabu. Kimoja. Viwili. Vitatu. Binti yake akatoka jikoni na mwiko mkononi, akatutazama sote wawili. Vikakoma kwenye vinne.